Kwa nini ni vigumu kuacha gemu unazocheza na wenzako, na jinsi ya kujiwekea mipaka

Ludo kwenye steji ya boda boda, karata za matatu barazani, mpira wa PlayStation kibandani, Free Fire kwenye simu: michezo hii imeenea Kampala nzima, kuanzia Kisenyi na Katwe hadi Nsambya na Kabalagala. Watu wengi wanaicheza bila tatizo lolote. Wengine wanakaa chini kwa mechi moja, wanakuja kuinuka baada ya saa nne, hela ya sabuni imekwisha na simu haina chaji.

Makala haya yanakueleza ni nini hasa ndani ya michezo hii kinachomfanya mtu aseme "moja ya mwisho" mara kumi. Yanaeleza pia tofauti kati ya mazoea na ugonjwa, sheria ya Uganda inasema nini pale pesa inapoingia mchezoni, na unaweza kufanya nini ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako ameshindwa kuacha. Yanamhusu mkimbizi na mwenyeji sawasawa, kwa sababu kwenye ubao wa ludo wote wanakaa pamoja.

Ni gemu zipi tunazozungumzia?

Tunazungumzia michezo ambayo mtu anaweza kujifunza kwa dakika chache, inayochezwa na watu wawili au zaidi, na ambayo mechi yake huisha upesi. Huhitaji kuwa mtaalamu ili uijaribu.

Baadhi iko kwenye simu. Ludo King, iliyotengenezwa India, ilitoka mwaka 2016 na inachezeka hata kwenye simu ya bei ndogo. Free Fire ya kampuni ya Garena ilitoka mwaka 2017. Inawaweka wachezaji 50 kisiwani, na mechi huchukua kama dakika kumi. Among Us ilitoka mwaka 2018 ikapata umaarufu mwaka 2020, wakati watu wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona. Hapa Kampala kampuni ya Kola Studios ilitengeneza programu ya Matatu, ili karata tunazocheza barazani zichezeke kwenye simu.

Mingine iko kwenye vibanda, ambako vijana wanakodi pedi na kucheza mpira. Gemu iliyojulikana kwa miaka mingi kama FIFA inaitwa EA Sports FC tangu mwaka 2023, na ile ya PES inaitwa eFootball tangu mwaka 2021. Vijana wengi bado wanatumia majina ya zamani.

Kucheza pamoja si jambo geni

Kabla ya simu, Uganda ilikuwa na omweso, wenye mashimo 32 na kete 64. Pwani ya Kenya, Tanzania na Zanzibar wana bao, nalo lina mashimo 32 na kete 64. Ludo yenyewe imetokana na mchezo wa kale wa India uitwao pachisi, na ilisajiliwa Uingereza mwaka 1896 kabla ya kusambaa duniani.

Wazee waliocheza bao hadi jua likazama wanajua vizuri ugumu wa kuinuka mchezo ukiwa umekolea. Lakini bao lilikuwa na breki zake. Giza liliingia, mwenzako alikwenda kula, mvua ilinyesha. Gemu ya simu haina breki hizo. Usiku wa manane kuna mtu mahali fulani duniani aliye tayari kucheza nawe, na simu iko chini ya mto wako.

Mambo saba yanayokushika

1. Mlango uko wazi kwa kila mtu

Kwenye ludo unarusha dadu, unasogeza kete. Kwenye matatu unapewa karata saba, unafuata rangi au namba, na ukiweka mbili mwenzako anaokota mbili. Mtoto wa miaka minane anaweza kumfunga mjomba wake. Urahisi huu unamfanya kila mtu ajaribu, na anayejaribu anapata ushindi wa kwanza mapema. Ushindi wa kwanza ndio unaomrudisha kesho.

2. Mechi ni fupi

Dakika kumi hazionekani kuwa muda mwingi. Hakuna anayekaa chini akisema leo nitacheza saa tano. Anasema nicheze moja tu. Mechi ikiisha, kitufe cha kuanza nyingine kiko palepale, na uamuzi ule mdogo unarudi: moja tu. Mwisho wa siku umefanya maamuzi madogo 30, na hakuna hata moja lililoonekana kubwa.

3. Bahati inalipa bila ratiba

Hapa ndipo penye nguvu kubwa kuliko zote. Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner aliwachunguza ndege na panya waliopewa chakula kwa kubonyeza kitu. Walipopewa chakula kwa namna isiyotabirika, mara baada ya mbonyezo mmoja, mara baada ya ishirini, waliendelea kubonyeza kwa kasi na kwa muda mrefu, hata chakula kilipokatwa. Anayejua zawadi inakuja lini anaweza kupumzika akiisubiri. Asiyejua anaendelea kujaribu.

Dadu inafanya hivyohivyo. Kwenye ludo unahitaji sita ili kete itoke nyumbani. Kila unaporusha, nafasi ya kupata sita ni moja kati ya sita. Ukirusha mara kumi, bado kuna nafasi ya karibu 16 kati ya 100 kwamba hutapata sita hata mara moja. Mtu aliyekaa muda mrefu bila sita huhisi kwamba sasa zamu yake imefika. Hapana. Dadu haina kumbukumbu. Nafasi yako katika mrusho wa kumi na moja ni ileile ya mrusho wa kwanza.

4. Kukosa kidogo kunauma kuliko kukosa kabisa

Kete yako ya mwisho imebaki hatua mbili ifike, halafu inaliwa. Mpira umegonga mwamba dakika ya 89. Umeshindwa, lakini moyo unasema ulikuwa umeshashinda. Mwaka 2009 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba mtu anapokosa kidogo kwenye mashine ya bahati, sehemu za ubongo zinazohusika na furaha ya ushindi huamka, na hamu ya kuendelea kucheza huongezeka, ingawa mtu mwenyewe anasema hakufurahi. Mashine za kamari hutumia sana jambo hili. Kwenye ludo linatokea lenyewe.

5. Aliyeachwa nyuma hakati tamaa

Kwenye mchezo wa draft, bingwa akikutana na mwanafunzi, mwanafunzi anapigwa kila mara, kisha anachoka na kuondoka. Michezo ya kundi imepangwa ili hilo lisitokee mara kwa mara. Katika Mario Kart, gemu ya mbio za magari ya Nintendo ya Japani iliyoanza mwaka 1992, aliye nyuma hupewa silaha kali na aliye mbele hupewa dhaifu. Mario Party ya mwaka 1998 hugawa nyota za ziada mwishoni, na aliyedhani ameshinda anaweza kupitwa wakati watu wameanza kuinuka.

Ludo ina kanuni hiyohiyo: aliyetangulia ndiye mwenye kete nyingi barabarani, na ndiye anayeliwa. Kwenye matatu, mwenye karata ya kukata anaweza kumaliza mchezo ghafla, na aliyebaki na alama chache ndiye mshindi. Kwa hiyo hakuna anayejiona ameshindwa kabisa mpaka mwisho, na kila aliyeshindwa anaamini marudiano yatakuwa yake. Mara nyingi anaamini kwa haki.

6. Watu

Ukicheza peke yako na mashine ikakufunga, unaweza kuizima. Ukifungwa na Hassan wa duka la jirani, yuko pale anacheka, na watazamaji wanacheka pamoja naye. Kuna heshima ya kurudisha. Na aliyeshinda hawezi kuondoka, kwa sababu ataambiwa amekimbia.

Wapo pia wanaocheza kwa sababu kundi linahitaji mtu wa nne. Ukiondoka, unawaharibia wenzako. Gemu za simu zimejenga hali hii kwa makusudi: kuna timu na koo za wachezaji, na ujumbe unaokuambia kwamba rafiki zako wako ndani wanakusubiri. Simu inajua kwamba ni vigumu kumkatalia rafiki kuliko kuikatalia mashine.

7. Kazi isiyokwisha

Mwaka 1927 Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyekuwa akisoma Berlin, aliandika kwamba watu hukumbuka zaidi kazi waliyokatishwa kuliko ile waliyoimaliza. Kitu kilichobaki nusu kinaendelea kuzunguka kichwani. Gemu za simu hukuacha nusu wakati wote. Umebakiza nyota moja upande ngazi. Umeingia siku sita mfululizo, na ukikosa ya saba unaanza upya. Sanduku la zawadi litafunguka baada ya saa tatu. Hata ukiwa umeweka simu chini, sehemu ya akili yako imebaki ndani ya gemu.

Kwa nini inamshika zaidi mtu anayesubiri

Mambo saba tuliyoyataja yanamhusu mtu yeyote, awe Kampala au London. Lakini maisha ya mtu yana sehemu yake.

Mkimbizi mjini husubiri sana. Anasubiri hadhi yake iamuliwe, anasubiri kadi, anasubiri jibu la maombi ya kwenda nchi ya tatu, anasubiri kazi ambayo cheti chake cha Bukavu au Mogadishu hakimsaidii kuipata. Kijana mwenyeji aliyemaliza shule bila ajira naye anasubiri. Siku ni ndefu, na hakuna kinachoonyesha kama mtu anasonga mbele.

Watafiti Edward Deci na Richard Ryan wamesema kwa miaka mingi kwamba binadamu anahitaji mambo matatu ili akae vizuri moyoni: ahisi anaweza kitu, ahisi ana uamuzi juu ya maisha yake, na ahisi ana watu. Angalia gemu inavyotoa yote matatu ndani ya dakika kumi. Unapanda ngazi na jina lako linaonekana. Unachagua mwenyewe pa kwenda. Una kundi linalokuita. Mtu ambaye nje ya gemu amenyimwa yote matatu atarudi pale anapoyapata, na hilo haliwezi kuitwa uvivu.

Kwa hiyo mzazi anayemnyang'anya kijana simu bila kumpa kitu kingine hajatatua jambo. Swali la kujiuliza ni hili: gemu inampa nini ambacho siku yake haimpi?

Michezo hii ina faida pia

Ni vizuri kuisema wazi, kwa sababu vijana wanaijua na hawatamsikiliza mtu anayeikana.

Ubao wa ludo hauhitaji lugha moja. Mkongomani anayezungumza Kiswahili cha Kivu, Msomali wa Kisenyi na Muganda wa Katwe wanaweza kucheza pamoja siku ya kwanza kukutana, na baada ya wiki mbili kila mmoja anajua kuhesabu kwa lugha ya mwenzake. Wengi waliofika mjini bila kumjua mtu walipata rafiki wa kwanza kwenye steji au kibandani. Hapo hupatikana pia habari za chumba cha kupanga, kibarua na shule ya mtoto.

Kwa mtu aliyepitia mambo mazito, saa moja ya kucheka na wenzake ni nafuu ya kweli. Tatizo linaanza pale saa hiyo moja inapokuwa njia yake pekee ya kulala bila mawazo.

Mazoea au ugonjwa?

Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa mwaka 2019, ikaanza kutumika Januari 2022. Ndani yake kuna tatizo la uraibu wa gemu. Shirika hilo linasema ni sehemu ndogo tu ya wachezaji wenye tatizo hilo. Dalili zake ni tatu, na zote zinapaswa kuonekana:

- Mtu ameshindwa kujizuia: hawezi kuamua aanze lini, aache lini, wala acheze kwa muda gani.
- Gemu imetangulia mambo mengine yote: chakula, usingizi, kazi, shule, ibada, familia.
- Anaendelea au anazidisha ingawa anaona madhara.

Kwa kawaida hali hii iwe imedumu kwa miezi 12 au zaidi, na iwe imeharibu kweli maisha ya mtu nyumbani, shuleni au kazini. Kijana anayecheza saa tatu Jumamosi, kisha Jumatatu yuko darasani, si mgonjwa. Usimpe jina hilo. Neno la kuumiza linaweza kumsukuma mbali zaidi.

Hata hivyo usisubiri miezi 12 ipite ili uchukue hatua. Zungumza naye mapema ukiona anadanganya kuhusu muda au pesa, anakasirika kupita kiasi akiambiwa aache, amekatiza masomo, halali usiku, au ameanza kuuza vitu vya nyumbani.

Pesa inapoingia

Kwa familia nyingi za Kampala madhara ya kwanza yanaonekana mfukoni. Pesa hutoka kwa njia nne.

Bando. Gemu ya mtandaoni inakula data, hasa inapojisasisha. Tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini Uganda inatozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kila bando unalonunua lina sehemu ya ushuru ndani yake.

Kibanda. Kwenye vibanda vingi kanuni ni kwamba aliyefungwa ndiye anayelipa. Inaonekana ndogo, lakini piga hesabu. Tuchukue mfano wa mechi moja kuwa shilingi 500. Ukicheza sita kwa siku na ukafungwa nusu, umelipa shilingi 1,500. Kwa siku 30 ni shilingi 45,000. Andika hesabu yako mwenyewe kwa wiki moja kabla ya kusema ni kidogo.

Kununua ndani ya gemu. Free Fire ni ya bure kuingia, lakini inauza almasi za kununulia nguo na silaha. Gemu nyingi zinauza masanduku ambayo hujui kilichomo mpaka ulipe. Ni dadu ileile, safari hii kwa pesa. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya bahati nasibu ya Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya namna hiyo yaliyochunguzwa ni kamari.

Kuwekeana dau. Ludo ya kucheka inageuka ludo ya pesa kirahisi sana. Anayepoteza hutaka kurudisha alichopoteza, na hapo anaweka zaidi. Kwenye simu kuna pia michezo ya kubeti iliyovaa sura ya gemu: ndege inapaa, namba inapanda, wengine wanaonekana wakishinda. Hiyo ni kamari, hata kama ina rangi na muziki wa gemu ya watoto.

Sheria ya Uganda ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 inakataza mtu wa chini ya miaka 25 kushiriki kamari. Umri huu ni mkubwa kuliko wa nchi nyingi, na watu waliotoka Kongo, Burundi au Sudan Kusini mara nyingi hawaujui. Biashara ya kubeti inahitaji leseni ya bodi ya taifa inayosimamia michezo hiyo. Mkimbizi anafungwa na sheria za nchi kama mwenyeji. Ukiwa na kibanda na ukaruhusu vijana kuwekeana dau ndani yake, unajiweka kwenye hatari pamoja na biashara yako.

Usalama wa mtoto anayecheza mtandaoni

Gemu nyingi zina sehemu ya kuandikiana au kuongea na watu usiowajua. Mfundishe mtoto mambo haya:

- Asitumie jina lake kamili, picha yake, jina la shule wala mtaa anaokaa.
- Asimwambie mtu yeyote habari za kesi ya familia, namba ya kadi ya ukimbizi, au sababu zilizowafanya mkimbie. Mtu aliye upande wa pili anaweza kuwa yeyote, hata mtu wa kule mlikotoka.
- Asitume namba ya siri ya pesa za simu kwa anayeahidi almasi za bure. Almasi hizo hazipo.
- Mtu mzima akimwomba picha, wakutane, au wafanye mazungumzo kuwa siri, akuambie mara moja, na ajue kwamba hatapigwa kwa kukuambia.

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko zote. Mtoto anayeogopa kunyang'anywa simu hatasema kitu.

Unaweza kufanya nini?

Ukiwa unacheza mwenyewe

- Amua idadi ya mechi kabla ya kukaa, na umwambie mwenzako: "Leo tatu tu." Ni rahisi kuhesabu mechi kuliko kuhesabu dakika.
- Acha ukiwa umeshinda. Ukisubiri uache ukiwa umefungwa, hasira itakurudisha.
- Zima arifa za gemu. Simu nyingi za Android kwenye mipangilio zina sehemu inayoonyesha muda unaotumia kila programu na kukuruhusu uweke kikomo cha kila siku.
- Lala na simu mbali na kitanda. Ikibidi, ichajie chumba kingine au kwa jirani unayemwamini.
- Tenga pesa ya kucheza mwanzoni mwa wiki. Ikiisha, kaa utazame wengine. Kutazama ni bure.
- Usikope ili urudishe ulichopoteza. Ukijikuta unafanya hivyo, umefika mahali pa kutafuta msaada.

Ukiwa mzazi au mlezi

- Kaa naye ucheze mara moja. Mwambie akufundishe. Utaelewa anachopata humo, na yeye atakuona kama mtu wa kuzungumza naye.
- Kubalianeni saa pamoja. Usikatize mechi katikati ikiwa imebaki dakika tano. Mwambie ikiisha hii, basi, halafu usimamie neno lako.
- Weka namba ya siri ya manunuzi kwenye simu, na usimwachie mtoto namba ya siri ya pesa za simu.
- Mtafutie kitu chenye watu na hatua za kupanda: timu ya mpira, kwaya, darasa la Kiingereza, fundi wa kumfundisha kazi. Shirika la YARID la Kampala lilianzishwa mwaka 2007 na vijana wakimbizi kutoka Kongo, na mpira wa miguu ulikuwa kati ya vitu vya kwanza vilivyowakutanisha vijana wa makabila tofauti.
- Angalia na simu yako mwenyewe. Mtoto anaona baba akiwa ndani ya ludo wakati wa chakula.

Nchi nyingine zimejaribu kutumia nguvu ya dola. Mwaka 2021 China iliweka kikomo kwa wenye umri chini ya miaka 18: saa moja tu ya gemu za mtandaoni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Uganda haina kanuni kama hiyo. Hapa mipaka inawekwa nyumbani, kibandani na mtaani.

Ukiwa mwenye kibanda, mwalimu au kiongozi

- Usiwapokee watoto saa za masomo, hasa wenye sare za shule.
- Bandika saa ya kufunga mlangoni na uifuate.
- Kataa dau ndani ya kibanda. Andaa mashindano ya kiingilio kidogo na zawadi ya kitu, mpira au madaftari, pasipo mtu kupoteza hela ya nyumbani.
- Viongozi wa jamii za wakimbizi na mwenyekiti wa LC1 wanaweza kukaa na wenye vibanda na kukubaliana kanuni moja kwa mtaa mzima. Kanuni ya kibanda kimoja inavunjwa na kibanda cha pili.

Wapi pa kupata msaada

- Kituo cha afya cha serikali. Wakimbizi wana haki ya kuhudumiwa sawa na wenyeji. Anza na kilicho karibu, kwa mfano Kisenyi Health Centre IV. Eleza usingizi, mawazo, hasira na pesa, na uulize kuhusu huduma ya afya ya akili.
- Hospitali ya Rufaa ya Taifa ya Butabika, Kampala. Ni hospitali ya serikali ya afya ya akili, na inawahudumia watu wenye uraibu. Kwenda Butabika hakumaanishi kwamba mtu ni mwendawazimu.
- Simu ya watoto ya Sauti, namba 116, bila malipo. Itumie ikiwa mtoto ametishwa, ameombwa picha au ananyanyaswa na mtu aliyekutana naye mtandaoni.
- Simu ya UNHCR Uganda ya maoni na rufaa, namba 0800 323232, bila malipo. Mkimbizi anaweza kupiga kueleza tatizo lake na kuelekezwa kwenye huduma inayofaa.
- Kiongozi wa dini au mtu mzima unayemwamini. Kuna wengi wanaoona aibu kwenda hospitali lakini wanaweza kuanza hapa.

Ukienda, chukua mambo matatu ya kusema: unacheza saa ngapi kwa siku, umetumia pesa kiasi gani mwezi huu, na ni kitu gani muhimu umeshindwa kufanya kwa sababu ya gemu. Majibu hayo matatu yatamsaidia mhudumu kuelewa hali yako haraka. Yatakusaidia na wewe, hata kama hutaenda popote leo. Yaandike kwenye karatasi usiku huu kabla hujafungua simu.